Siku ya vijana kushona taulo za kike: fueni vitambaa kwanza

Juzi nimewasaidia vijana wa usharika jirani kuandaa Jumamosi yao ya huduma: kushona taulo za kike za kufua kwa ajili ya wasichana wa shule ya msingi. Utaratibu wetu ni huu.

1. Ongea na mwalimu mlezi wa wasichana. Omba idadi tu, si majina. Sisi hutoa taulo nne kwa kila msichana, maana mbili zitakuwa kambani. Lenga Jumamosi iliyo kabla ya Mei 28, Siku ya Hedhi Salama.

2. Fueni vitambaa kabla ya kukata. Mwaka wetu wa kwanza tulikata flana mpya ilivyotoka dukani. Taulo 60 zikapendeza kweli. Nikafua moja nyumbani kuijaribu: flana ikarudi, kile kitambaa cha chini kisichopitisha maji kikabaki vilevile, taulo ikajikunja kama ganda la muhogo. Tulifumua mishono yote kwa wembe hadi usiku wa manane.

Kwa hiyo loweka flana kwenye maji ya moto, fua kwa sabuni ya mche, anika juani, rudia mara ya pili. Usitie dawa ya kulainisha nguo, inazuia kitambaa kunyonya. Kabla ya kufua, chora mraba wa sentimita 20 kwa 20, kisha upime tena kila kikikauka. Ukiwa bado unapungua, fua tena. Halafu dondoshea tone la maji. Likikaa juu kama shanga, wanga wa kiwandani haujatoka. Kazi hii ni ya wiki nzima kabla, msiiache hadi Ijumaa, hasa msimu wa mvua.

Flana iwe ya rangi nzito au yenye maua. Nyeupe msichana ataificha chini ya godoro, na taulo inahitaji jua.

3. Kata kwa kufuatisha kipande cha boksi kilichokatwa kwa umbo la taulo. Wavulana wakate na kubana vifungo. Wasiachwe kupanga viti tu.

4. Akina mama wenye vyerehani washone. Shikizeni kwa vibanio vya nguo, kamwe si pini, na msipitishe mshono katikati: kila tundu la sindano kwenye kitambaa cha chini litavujisha.

5. Fungasheni nne nne pamoja na kipande cha sabuni, kisha mpeni mwalimu mlezi azigawe mwenyewe, bila kamera.