Kuwinda Njiwa na Kware Texas kwa Kufuata Kanuni za Kila Kanda: Mwongozo kwa Anayeanza

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia ndugu mmoja wa jumuiya yetu hapa Houston, ambaye alikulia kijijini akiwinda kanga na kwale pamoja na baba yake, na ambaye alidhani kwamba mtu akishapata ruhusa ya mwenye shamba basi kazi imekwisha. Hapa Marekani ruhusa ya mwenye shamba ni jambo la lazima, lakini ni moja tu kati ya mengi. Ndege wanaohama, njiwa wakiwamo, wanalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1918, na kila mwaka serikali ya shirikisho huweka mipaka ya siku na idadi ambayo jimbo haliwezi kuivuka. Ndani ya mipaka hiyo, jimbo la Texas hupanga tarehe zake kwa kila kanda. Ndege wasiohama, kama kware (ambaye kwa Kiingereza ni quail), hupangiwa na jimbo lenyewe. Kwa hiyo mwindaji mmoja, katika shamba moja, anaweza kuwa chini ya kanuni mbili tofauti kwa siku moja.

Hatua ya kwanza: hakikisha unaruhusiwa kushika bunduki

Hatua hii haina uhusiano na ndege, lakini naiweka mbele kwa makusudi. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia nchini kwa viza isiyo ya uhamiaji, kwa mfano mwanafunzi, kumiliki au kushika bunduki na risasi, isipokuwa aingie katika mojawapo ya misamaha iliyotajwa. Msamaha unaotuhusu sisi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapa Marekani. Kuazimwa bunduki na rafiki kwa nusu saa nako kunahesabiwa kuwa ni kushika bunduki. Mwenye kadi ya kijani na aliyepokelewa kama mkimbizi hawamo katika kundi la wenye viza hizo. Hata hivyo, kwa yeyote ambaye karatasi zake bado zinashughulikiwa, nasisitiza kwa moyo wote: muulize kwanza mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu kosa la bunduki linaweza kukugharimu ukaazi wako wote.

Hatua ya pili: mafunzo na leseni

Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mwenye umri wa miaka 17 au zaidi anaweza kuyamaliza yote kwa intaneti. Upo utaratibu wa kuahirisha mafunzo kwa kulipa dola 10, unaoruhusiwa mara moja tu maishani, lakini binafsi siupendi, kwa kuwa unamfikisha shambani mtu asiyejua hata jinsi ya kuvuka uzio akiwa na bunduki. Fanya mafunzo.

Leseni ya mkaazi ni dola 25, na mkaazi hapa ni mtu aliyeishi Texas mfululizo kwa zaidi ya miezi sita kabla ya kununua. Leseni mpya huanza kuuzwa katikati ya Agosti, na mwaka wake huanza tarehe 1 Septemba na kuisha tarehe 31 Agosti. Juu ya leseni ongeza stempu ya ndege wanaohama ya dola 7 ukitaka njiwa, na stempu ya ndege wa nchi kavu ya dola 7 ukitaka kware. Stempu ya shirikisho ya dola 25 ni ya bata na mabata bukini, kwa hiyo mwindaji wa njiwa haihitaji. Wakati wa kununua utaulizwa ulipiga ndege wangapi msimu uliopita. Maswali hayo ndiyo yanayoitwa HIP, na jibu lake huandikwa kwenye leseni yako. Muuzaji mwenye haraka anaweza kuyapita bila kukuuliza, nawe ukabaki na leseni yenye upungufu, kwa hiyo isome leseni kabla hujaondoka dukani.

Ipo leseni ya kidijitali ya kubeba ndani ya simu. Mimi hununua ya karatasi na kuitia katika mfuko wa plastiki, kwa sababu simu huisha chaji na mashamba mengi hayana mtandao.

Hatua ya tatu: tambua kanda yako kabla ya kutazama tarehe

Hapa ndipo tulipopoteza asubuhi nzima ya siku ya ufunguzi, kwa hiyo nitakaa sana hapa.

Kwa uwindaji wa njiwa, Texas imegawanywa katika kanda tatu: Kaskazini, Kati na Kusini. Mipaka ya kanda hizi ni barabara kuu, wala haifuati kaunti. Kwa sehemu kubwa ya urefu wake, mpaka wa Kaskazini na Kati unafuata Interstate 20 kutoka magharibi hadi Fort Worth, kisha Interstate 30 kuelekea kaskazini mashariki hadi mpaka wa Arkansas. Mpaka wa Kati na Kusini unaanzia Del Rio, unafuata barabara ya U.S. 90 hadi eneo la San Antonio, kisha unashika Interstate 10 kwenda mashariki hadi Orange, karibu na Louisiana. Eneo la San Antonio lisomewe maelezo yake kwa makini, kwa kuwa pale mstari hubadilisha barabara.

Tazama sasa maana ya mipaka hiyo kwa sisi wakaazi wa Houston. Interstate 10 inapita katikati ya mji wetu na kuikata kaunti ya Harris vipande viwili, kisha inaendelea magharibi kupitia Katy. Aliyesimama kaskazini ya barabara hiyo yumo Kanda ya Kati, ambako msimu wa njiwa hufunguliwa tarehe 1 Septemba. Aliyesimama kusini yake yumo Kanda ya Kusini, ambako msimu wa kawaida hungoja hadi katikati ya Septemba. Watu wawili wanaoonana kwa macho, mmoja upande huu wa barabara na mwingine upande ule, mmoja anawinda kihalali na mwingine anavunja sheria ya shirikisho.

Sisi tulialikwa na mwenye shamba karibu na Katy. Anwani aliyotupa ilikuwa ya nyumba yake, iliyoko kaskazini, nasi tuliitafuta katika ramani siku moja kabla, tukaridhika. Alfajiri akatuongoza kwa gari lake hadi shamba la mtama alilolikodi, na katika giza lile hatukuzingatia kwamba tulipita chini ya daraja la barabara kuu. Tulikwisha kujipanga, bunduki zikiwa bado hazijatiwa risasi, mwenzangu aliposikia mngurumo wa malori ukitoka kaskazini yetu, ilhali ulipaswa kutoka kusini. Simu zilikuwa na mtandao dhaifu, ramani ilikataa kufunguka, na mwenye shamba alikuwa na yakini kwamba kaunti nzima hufunguliwa siku moja. Hatukufyatua hata risasi moja. Ilipofika saa nne asubuhi ndipo tulipothibitisha kwamba tumesimama Kanda ya Kusini, na kufikia hapo njiwa walikwisha kula na kwenda zao.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu ufuatao, na namtaka kila ninayemfundisha aufuate vivyo hivyo. Simuulizi mwenye shamba anwani. Namwomba anionyeshe katika ramani mahali penyewe tutakaposimama. Naweka alama mahali hapo, kisha nachora mstari hadi barabara ya mpaka na kuandika pembeni kama tuko kaskazini au kusini yake. Nachapisha ramani hiyo kwenye karatasi. Baada ya hapo ndipo ninapofungua kitabu cha kanuni cha mwaka huo, kinachotolewa na Idara ya Mbuga na Wanyamapori ya Texas kwa jina la Outdoor Annual, ambacho pia kipo kama programu ya simu inayoweza kusomwa bila mtandao ukiipakua mapema. Sitegemei tarehe za mwaka uliopita hata kidogo, kwa sababu msimu wa njiwa hukatwa vipande, kimoja cha kuanzia Septemba na kingine cha Desemba hadi Januari, na siku za kufunga na kufungua tena hutofautiana kwa kila kanda na husogea kila mwaka.

Yapo mambo mengine matatu ambayo yamewahi kuwapotosha watu ninaowafahamu. La kwanza, Kanda ya Kusini huwa na siku chache maalumu mwanzoni mwa Septemba, za mwisho wa wiki, kwa ajili ya njiwa mwenye mabawa meupe, ambaye kitabuni ameandikwa white-winged dove. Siku hizo huwindwa kuanzia adhuhuri hadi jua linapozama, si asubuhi, na kati ya ndege wako 15 wasizidi wawili wa aina ya mourning dove, yule mwembamba mwenye mkia mrefu uliochongoka, wala wawili wa njiwa mwingine aitwaye white-tipped dove. La pili, kanda za njiwa si kanda za bata: bata wana mgawanyo wao mwingine, wenye mistari mingine kabisa, kwa hiyo ramani moja usiitumie kwa ndege wote. La tatu, ndege wasiohama hawafuati kanda hizi. Msimu wa kware ni mmoja kwa jimbo zima, kutoka mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba hadi mwishoni mwa Februari, ilhali fezanti huruhusiwa katika kaunti za kaskazini ya mbali peke yake, na chachalaka katika kaunti nne tu za bonde la Rio Grande, yaani Cameron, Hidalgo, Starr na Willacy.

Hatua ya nne: bunduki na risasi

Kwa ndege wanaohama, bunduki ya marisau isiweze kubeba zaidi ya risasi tatu kwa jumla, ile ya ndani ya mtutu ikiwamo. Bunduki nyingi zinazojijaza zenyewe hubeba zaidi, hivyo lazima zitiwe kizibo ambacho hakitoki bila kuifungua bunduki. Ushauri wangu ni kununua bunduki ya mitutu miwili: haihitaji kizibo, na ukiikunja katikati ifunguke, kila mtu aliye karibu anaona kwamba ni tupu. Marisau ya madini ya risasi (lead) bado yanaruhusiwa kwa njiwa katika mashamba ya watu binafsi, lakini baadhi ya maeneo ya umma hudai ya chuma. Mimi hutumia ya chuma kila mahali.

Hatua ya tano: kagua shamba kama lina chambo

Kumwaga nafaka ili kuwavuta ndege, jambo la kawaida kwa waliokua vijijini kwetu, hapa ni kosa zito. Shamba lililomwagwa nafaka huhesabiwa kuwa na chambo hadi zipite siku 10 tangu punje ya mwisho kuondolewa, na huwezi kujitetea kwamba hukujua ikiwa mtu makini angetambua. Alizeti au mtama uliooteshwa papo hapo kisha ukafyekwa unaruhusiwa kwa uwindaji wa njiwa, lakini shamba hilohilo lililofyekwa haliruhusiwi kwa bata. Tembea shambani mchana wa siku iliyotangulia na uangalie ardhi. Ukiona ngano katika shamba la alizeti, ondoka. Angalia pia nguzo na miti ya mpakani, kwa kuwa mistari ya rangi ya zambarau ina nguvu sawa na kibao cha kukataza kuingia.

Hatua ya sita: saa

Njiwa huwindwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi linapozama, kwa jedwali la mahali ulipo. Kware huongezewa nusu saa baada ya jua kuzama. Usichanganye.

Hatua ya saba: hesabu na usafirishaji

Idadi ya juu ya njiwa ni 15 kwa siku, na huruhusiwi kuwa na zaidi ya 45 mkononi kwa jumla ya siku kadhaa, maana yake siku ya kwanza una 15 tu. Kware ni 15 na 45 vilevile. Yule tetere mwenye ukosi mweusi shingoni, anayefanana sana na tetere wetu wa nyumbani, hana msimu wala ukomo, lakini usimnyonyoe kabla ya kufika nyumbani ili askari wa wanyamapori asimhesabu pamoja na wengine. Sheria inadai bata asafirishwe akiwa na bawa moja lenye manyoya au kichwa. Mimi hufanya hivyo kwa njiwa pia, kwani bawa ndilo linaloonyesha aina yake.

Kila mwindaji ahifadhi ndege wake mwenyewe. Usimpigie mwenzako wa kujazia, wala msichanganye ndege wa watu wanne katika sanduku moja la barafu, hata kama mnakwenda kupika chungu kimoja. Ukimwachia mwingine ndege wako awabebe au awahifadhi, funga kikaratasi chenye jina lako, anwani, sahihi, idadi na aina ya ndege, pamoja na tarehe waliyopigwa. Ukimpa mtu kama zawadi, ongeza jina lake, namba ya leseni yako na mahali walipopigwa. Mimi hubeba vikaratasi 10 vilivyokwisha kuandikwa jina na anwani, kalamu ya wino usiofutika, na mifuko minne ya rangi tofauti, mmoja kwa kila mwindaji tunayepanda naye gari.