GPS ya mkononi: betri idumu, na njia isikusumbue

Kwa hesabu ya kiwandani, betri mbili za AA zinaiendesha Garmin eTrex 22x au 32x kwa saa 25, na GPSMAP 64s kwa saa 16. Anayeona GPS yake inazima kabla ya jua kutua aangalie mambo matatu: betri aliyonunua, taa ya skrini, na mara ngapi analazimika kuitazama kwa sababu kifaa hakijapangwa.

Betri yenyewe

Usiangalie rangi ya ganda, soma herufi ndogo ubavuni. LR6 ni alkalini. R6 isiyo na L mbele ni ya kaboni na zinki, ile ya redio na tochi inayouzwa kila duka la mtaani. Nyingi zimeandikwa "Heavy Duty", na maneno hayo yamewaponza wengi. GPS inavuta umeme mfululizo. Betri ya kaboni haihimili, volti zinashuka na kifaa kinazima. Ukiihamishia kwenye redio utaikuta bado inaimba, kwa hiyo usidhani GPS ndiyo mbovu.

HR6 ni ya kuchaji, aina ya NiMH, volti 1.2. Kwa doria au upimaji wa kila wiki hakuna kinachoishinda kwa gharama. Nunua nne zenye kama mAh 2,000 (kipimo cha chaji inayobebwa), zile zinazouzwa zikiwa tayari zimechajiwa, kwa kuwa hazipotezi chaji haraka zikikaa kabatini. AA ya NiMH iliyoandikwa mAh 4,000 ni uongo, iache dukani. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito, mbili namba 1 na mbili namba 2, kisha kila jozi itumike na kuchajiwa pamoja. Ukichanganya nzima na chovu, chovu inaisha kwanza, nzima inaendelea kuisukuma umeme kinyumenyume, na baada ya mara chache chovu imekufa kabisa.

FR6 ni ya lithiamu, volti 1.5, haichajiwi. Ni ghali, lakini ina gramu 15 hivi wakati alkalini ina 23, na haizimishwi na baridi. Kwa Kibo au Mlima Kenya ndiyo ya kubeba. Alkalini kule juu hunywea usiku mmoja, labda ulale nayo ndani ya koti. Ubaya wa lithiamu ni kwamba volti hazishuki polepole. Alama ya betri inaonyesha imejaa hadi karibu na mwisho, halafu giza. Kwa hiyo hesabu saa, usiamini alama.

Na kuna moja ya hatari: betri yenye namba 14500. Umbo lake ni la AA, ila ina volti 3.7. Mbili ni zaidi ya volti 7 ndani ya kifaa kinachotarajia 3. Usijaribu.

Mipangilio

Menyu za vifaa hivi hazina Kiswahili, hivyo majina hapa ni yale utakayoyaona kwenye skrini.

1. Setup, System, Battery Type: chagua aina uliyoweka. Ukiacha Alkaline huku umetia NiMH, kifaa kinaona volti 1.2 na kukuambia betri inakaribia kuisha wakati bado ina saa nyingi.
2. Setup, Display: Backlight Timeout iwe sekunde 15, Battery Save iwe On. Skrini itazima yenyewe, lakini GPS inaendelea kufuata setelaiti na kurekodi njia. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, inarudi.
3. Punguza mwanga hadi sifuri mchana. Skrini hizi husomeka vizuri kwa mwanga wa jua, na taa juani haisaidii kitu.
4. Setup, System: zima WAAS/EGNOS. Mifumo hiyo ya masahihisho ilijengwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini na Ulaya. Huku kwetu kifaa kinapoteza nguvu kutafuta kisichokifaa.
5. Satellite System: mahali pa wazi chagua GPS peke yake. Ndani ya msitu mnene kama wa Usambara au Udzungwa washa na GLONASS, setelaiti za Urusi. Inakula betri zaidi, lakini pointi inayorukaruka mita 40 inakula muda wako.

Jioni kambini, unapoingiza pointi za kesho, weka Demo Mode hapohapo kwenye Satellite System. GPS inalala, menyu zinafanya kazi. Kumbuka kuirudisha asubuhi, maana Demo itakuonyesha unatembea hata ukiwa umekaa.

Pawabenki inaweza kuiendesha eTrex kupitia USB, ila haichaji betri zilizomo ndani. Tena baadhi ya pawabenki hujizima zenyewe, kwa sababu kifaa kinavuta umeme kidogo mno na zinadhani hakuna kilichochomekwa.

Njia iwe nyepesi

Kwenye Setup, Page Sequence, ondoa kurasa zote ubaki na ramani, dira na menyu kuu. Hapo kuna nafuu kuliko watu wanavyofikiri: kila ukurasa unaoupita ukitafuta mwingine ni sekunde za skrini inayowaka.

Fahamu kwamba eTrex 22x haina dira ya kielektroniki. Mshale wake una maana ukiwa unatembea tu. Ukisimama na kuuzungusha, unadanganya. Piga hatua 20 kwa mstari mmoja, ndipo uusome. 32x na 64s zina dira, lakini zinahitaji kurekebishwa upya nje, mbali na gari, kila ukibadilisha betri.

Ukichagua pointi na kubonyeza Go bila ramani yenye barabara, unapewa mstari ulionyooka. Haujui korongo wala mto. Kwa hiyo weka pointi kwenye kivuko, kwenye njia panda, na uende moja baada ya nyingine. Kisha fungua Proximity Alarms, ipe kila moja duara la mita 100, na uweke kifaa kwenye mkanda wa bega. Kitalia ukikaribia. Usikitie mfuko wa suruali, mwili unaziba setelaiti. eTrex ilale chali, skrini ikitazama mbingu. Antena ya 64s isimame wima.

Kurudi ulikotoka ni Track Manager, Current Track, TracBack. Futa njia ya zamani kabla ya kuanza. Rekodi kwa umbali, kila mita 10: njia moja inabeba pointi 10,000, yaani kilomita 100. Ukizima GPS njiani ili kuokoa betri, kipande hicho kinakuwa mstari mtupu na TracBack itakupitisha popote. Kama unaihitaji kurudi, iache iwake.

Namba za ramani

Kosa linalopoteza watu wengi Afrika Mashariki halihusu betri. Ramani nyingi za zamani za serikali za 1:50,000 zimechorwa kwa datum (msingi wa vipimo vya ramani) iitwayo Arc 1960, na kifaa kikitoka dukani kinatumia nyingine, WGS 84. Tofauti ni karibu mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Kwenye Setup, Position Format, chagua UTM (namba za mahali kwa mita) na datum ileile ya ramani uliyoshika, kisha iandike pia kwenye daftari kila unapoandika pointi.

Angalia na kanda ya UTM: Dar es Salaam, Arusha na Nairobi ni 37, Dodoma na Kisumu ni 36, Kigoma ni 35. Na mahali ambapo mpimaji ameandika 37S akimaanisha kusini, Garmin itaonyesha 37 M (au 37 L kusini zaidi ya latitudo 8), kwa kuwa herufi yake ni ya ukanda wa latitudo. Ukiingiza S umejipeleka kaskazini ya mbali.

Msimu ukiisha toa betri. Alkalini ikivuja, futa vyuma kwa pamba yenye siki kidogo, kisha maji, na uache kikauke siku nzima kabla ya kuwasha.