Jinsi ya kusafisha nyumba (kuingia na kuwamaliza maadui waliomo) kwenye gemu la risasi la PUBG bila kufia mlangoni

Oya wazee, Jumamosi geto kwetu Nkuhungu tumekufa skwadi nzima kwenye mlango mmoja wa Pochinki, ule mji wa kwenye ramani ya gemu, wanne, tumeingia tumefuatana kama foleni ya maji, na aliyetumaliza ni mtu mmoja tu kajibanza kona ya ndani na shotigani yake. Nimeona niandike hii maana wengi wetu hapa Dodoma kulenga tunajua, vidole vyepesi, ila tukifika kwenye nyumba tunaingia kama tunarudi kwetu.

Kwanza uuelewe mlango. Aliye ndani hana haja ya kukutafuta, kashalenga pale, anakusubiri wewe ujilete. Ukisimama kwenye kizingiti umebanwa kulia umebanwa kushoto, kukwepa huwezi, na mwenzako nyuma yako hawezi kupiga maana umemziba. Ndo maana wanajeshi hawaruhusiwi kuganda mlangoni, ama hujaingia au umeshaingia, katikati hapo hakuna.

Sasa fanya hivi, usicheke. Chukua ndoo weka kona ya mbali ya chumba chako, toka nje acha mlango wazi. Ukijibana ukutani kando ya mlango utaona kipande cha ukuta tu. Rudi nyuma hatua mbili tatu, halafu zunguka mdogo mdogo kama unachora nusu duara, jicho ndani muda wote. Kila hatua chumba kinafunguka kipande, kipande, mpaka unaiona ndoo na mguu wako bado uko nje. Wazungu wanaita kukata keki. Usifanye haraka, ukikimbia umeila keki nzima kwa mara moja na wote waliomo ndani wanakuona.

Haya, hamisha ndoo, iweke kona ya ukuta ule ule wenye mlango. Zunguka utakavyo, huioni ng'o! Hapo ndo alipokaa yule jamaa wa shotigani. Chumba chenye mlango katikati ya ukuta kina kona za hivyo mbili, mlango ukiwa pembeni kabisa inabaki moja. So mnaingia wawili, wa kwanza anakwenda kona moja bila kusita, wa pili nyuma yake hapo hapo anakwenda ya upande wa pili, kila mtu na kona yake, hakuna kuangalia ya mwenzako. Wakwanza akisimama kushangaa mmekwisha.

Ukicheza TPP, ile kamera ikiwa nyuma ya mtu wako, inakuonyesha kona bila kujitokeza, raha sana, ila kumbuka na yeye ndani anakuona hivyo hivyo, na mara nyingi kakuona kabla yako. FPP, ile unayoona kwa macho ya mtu wako tu, ndo utajua kama keki umeijua kweli.

Bomu kabla ya mguu. Kwenye PUBG ya simu ukichomoa pini saa inaanza kuhesabu, shikilia kidogo ndo urushe asipate muda wa kukimbia, ila usipitilize litakulipukia mkononi (nishafanya, mbele ya watu). Kwenye ngazi usirushe kwenda juu ovyo, likigonga ukuta linarudi kwenu. Hata vitani ndo sababu mojawapo jeshi likipata njia linapenda kuanzia juu kushuka chini.

Na nani kasema lazima mlango? Desemba 1943 kule Ortona, Italia, Wakanada walikuta mitaa yote inapigwa risasi, wakaacha barabara kabisa wakawa wanatoboa ukuta wa nyumba na nyumba kwa baruti, wanapita ndani kwa ndani, wakayaita mashimo ya panya. Kwenye gemu kuta nyingi hazitoboki lakini dirisha lipo. Wawili wapige kelele mlangoni, wawili wavunje kioo upande wa pili.

Efoni vaeni jamani, hilo sio la kujadili, nyayo za ghorofani zinasikika vizuri tu kama huko kwenu upepo haujaanza kupiga mabati. Na maneno yawe machache, "kulia safi", "ngazi mmoja", basi, sio hadithi.

Chumba kikishakuwa safi mmoja abaki kwenye ngazi au mlango wa nyuma, wengine waokote vitu. Gemu la tatu siku ile ile tulifanya yote haya vizuri kabisa, ghorofa nzima safi, hakuna aliyekufa, tukakaa kugawana risasi. Mlango wa nyuma nilipewa mimi. Nilikuwa nabadilisha helmeti.