Somo: Kulehemu nyaya za gitaa la umeme bila kuunguza poti

Gitaa likiletwa kwangu, mara nyingi huja na hukumu yake tayari: "Fundi, pikapu imekufa, niagizie nyengine." Pikapu ninayoisema ni ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi, si gari ya kubebea mbao. Naipima kwa mita, inasoma omu 6,000 na kitu, nzima kabisa. Kilichokufa ni lehemu moja ya ethi (waya wa ardhi), au jeki iliyoota kijani, pale unapochomeka waya wa ampu. Hewa yetu ya visiwani ina chumvi, na jeki ndiyo tundu la kwanza inapoingilia.

Somo hili ni la gitaa la muundo wa Stratocaster: pikapu tatu, poti (kile kidude cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza) moja ya sauti, mbili za toni, na swichi ya nafasi 5 ya kuchagua pikapu. Mengi tunayopiga kwenye harusi ni ya muundo huo au yameigizwa huko.

Vifaa

Tafuta chuma cha kulehemu cha wati 40. Cha wati 25 kinatosha kwa miguu ya poti, yaani vile vichuma vyake vitatu vya kulehemia nyaya, lakini mgongo wa poti ni bati tupu, hunyonya joto, na chuma dhaifu utakishikilia hapo mpaka ndani kuive. Watu huogopa chuma kikali wakidhani ndicho kinachounguza. Kinachounguza ni kukawia.

Risasi ya kulehemia nunua ya 60/40, yaani stani 60 na madini ya risasi 40, nyembamba, yenye ulimbo (dawa inayoisaidia ikamate) ndani yake. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183. Usitumie dawa ya kopo ya mafundi bomba: ina asidi, na itakula shaba polepole hata baada ya wewe kulipwa na kusahau.

Mita, koleo ya kukatia, msasa, sponji yenye maji, na simu. Simu ni ya kupiga picha kabla hujakata waya hata mmoja. Fungua dirisha upate hewa, lakini feni isikupulizie kazini, maana hupoza lehemu kabla haijakamata. Ukimaliza, osha mikono kabla hujagusa chakula. Risasi ni sumu.

Umeme ulipokatika Unguja miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, nilimuona mzee mmoja fundi redio akipasha chuma chake kwenye jiko la makaa na kulehemu kama kawaida. Hakuwa na kipimo cha joto. Alikuwa anagusisha risasi kwenye ncha na kusikiliza inavyochirizika. Nilijifunza kwake zaidi kuliko nilivyojifunza skuli.

Hatua ya 1: Ncha

Chuma kikishapata moto, futa ncha kwenye sponji na uipake risasi mpaka ing'ae. Ncha nyeusi haipitishi joto. Rudia hivyo kila baada ya lehemu mbili tatu.

Hatua ya 2: Joto liende kwenye chuma, si kwenye risasi

Hapa ndipo wanafunzi wangu wote huanguka. Wanayeyusha risasi kwenye ncha kisha wanaibeba kama kijiko cha uji na kuipakaza kwenye waya. Ulimbo unaungua njiani, na lehemu inakaa juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Ukitikisa gitaa, inabanduka.

Gusisha ncha kwenye mguu na waya kwa pamoja. Hesabu sekunde moja au mbili, kisha lete risasi upande wa pili, iguse mguu na waya, si ncha. Ikitiririka yenyewe na kukumbatia waya, ondoa risasi, kisha ondoa chuma, na usitikise mkono mpaka igande. Lehemu nzuri inang'aa na kingo zake zimelala. Iliyofifia, yenye vidonge, ipashe upya.

Mgongo wa poti uparuze kwanza kwa msasa mpaka bati lifunguke, uupake risasi kidogo, halafu ndiyo ulete waya. Ikifika sekunde nane haijakamata, acha, poza, anza tena. Ndani mna njia ya kaboni ambayo haipendi mapishi.

Hatua ya 3: Poti ya sauti

Geuza poti mgongo ukuelekee, miguu ikiangalia chini. Mguu wa kushoto unapokea waya kutoka kwenye swichi. Wa kati unakwenda kwenye jeki. Wa kulia unaukunja na kuulehemu kwenye mgongo wa poti yenyewe, ndiyo ethi yake. Huniamini? Zungusha shina mpaka mwisho, upande wa sauti kubwa, upime kati ya mguu wa kushoto na wa kati: mita isome karibu na sifuri. (Gitaa la mkono wa kushoto likiwa na poti ya kinyume, kulia na kushoto vinabadilishana.)

Hatua ya 4: Toni

Waya wa toni kutoka kwenye swichi unaingia mguu wa kati. Kapasita, kile kidude kinachopunguza ukali wa sauti, unaiweka kati ya mguu wa kulia na ethi. Tafuta iliyoandikwa 223, ambayo ni maikrofaradi 0.022, au 473, ambayo ni 0.047 na huzamisha sauti zaidi. Isiwe yenye alama ya chanya na hasi. Habari za kapasita ya bei mbaya kuleta sauti ya peponi, waachie wauzaji.

Hatua ya 5: Swichi

Kama inafanya kazi, usiiguse. Plastiki yake huyeyuka upesi.

Hatua ya 6: Ethi na jeki

Migongo ya poti zote iungane kwa waya. Hapo zitue nyaya za ethi za pikapu, na waya unaotoka kwenye daraja la nyuzi. Huu wa daraja ndio unaosahaulika kuliko zote. Kisha waya mmoja wa ethi uende kwenye jeki, sehemu inayogusana na pete ya nje. Waya wa sauti unakwenda kwenye ule ulimi mrefu unaobana ncha ya plagi.

Na kabla hujalehemu jeki, hakikisha nyaya umeshazipitisha kwenye tundu lake. Mimi niliwahi kulehemu jeki vizuri mno, inang'aa, nikaipiga na picha, kisha nikagundua iko upande usio wake wa mbao.

Kabla ya kufunga bamba, chomeka kwenye ampu na ugonge kila pikapu polepole kwa bisibisi. Kila moja ijibu "tok" katika nafasi yake ya swichi.

Maswali ya wanachama

*Wete:* Shikamoo fundi. Nimekosa poti ya kilo-omu 250. Duka la vifaa vya redio lina za 500 na za 10 tu.

Marahaba. Chukua ya 500. Sauti itakuwa kali kidogo, utaipunguza kwa toni. Ya 10 iache, itameza sauti yote ya juu na gitaa litaimba kama limefunikwa blanketi. Angalia pia herufi iliyoandikwa kwenye poti: kwa poti ya sauti bora A; ukiweka B utaona inaruka ghafla badala ya kupanda taratibu.

*Jambiani:* Gitaa langu linavuma, nikishika nyuzi linanyamaza. Nimeharibu wapi?

Hujaharibu. Mwili wako unabeba mvumo wa umeme wa nyumba, na ukishika nyuzi unaungana na ethi. Maana yake waya wa daraja uko sawa. Ungeongezeka ukishika, ningesema umegeuza nyaya za jeki. Jaribu swichi nafasi ya 2 na ya 4: kama pikapu ya kati imezungushwa kinyume, mvumo utapungua sana. Ukitaka kuziba shimo la ndani lisipokee mvumo, tumia utepe wa shaba. Ile karatasi ya aluminiamu ya jikoni haishiki risasi yetu.

*Bububu:* Poti inakwaruza. Nimeitia mafuta ya nazi, ikatulia siku mbili, sasa imezidi.

Mafuta ya nazi ni ya samaki na nywele, mwenzangu. Yamekusanya vumbi. Puliza dawa ya kusafishia vifaa vya elektroniki kwenye upenyo wa juu ya miguu, zungusha mara 30 hivi. Isipopona, badilisha.

*Mwanakwerekwe:* Pikapu mbili zikipiga pamoja sauti inakuwa nyembamba, kila moja peke yake ni nzuri.

Zinapingana. Badilisha nyaya mbili za pikapu moja tu, wa sauti uwe ethi na wa ethi uwe sauti. Kama ina kifuniko cha chuma kilichounganishwa na waya wa ethi, kitenganishe kwanza.

*Chake Chake:* Nikipiga gitaa huku nikiimba, maikrofoni inanipiga shoti mdomoni. Nilegeze waya wa daraja?

Usilegeze kitu. Gitaa halina kosa. Nyuzi zako zimeungana na ampu, na ampu hiyo haina ethi. Itazame plagi. Naona kama najua nitakachokikuta: pini ya tatu imekatwa ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Volti 230 hazina mzaha. Tia plagi ya pini tatu yenye waya wake wa ethi, mwite fundi umeme apime ethi ya soketi, na mpaka hapo piga udi.