Jinsi ya kubishana uchumi na uchaguzi wa urais Kenya 2027 bila kuchekwa

Kwanza usianze na jina la mtu, anza na bei. Mkiwa kwa kibanda mtu akisema uchumi umeamka muulize umeamkia wapi, maana dola ilifika karibu shilingi 160 mapema 2024 halafu ikashuka hadi kama 129, hiyo ni kweli kabisa, lakini shilingi kupata nguvu si kijana kupata kazi, hapo ndo watu huchanganya. Akikuletea jina la anayetajwa kwa urais, Kalonzo, Matiang'i ama Ruto tena, mwambie aonyeshe pesa zitatoka wapi, ushuru ama deni? Mswada wa Fedha 2024, ule wa kuongeza ushuru ulioleta maandamano, si tuliona. Alafu mpigie hesabu: bila zaidi ya nusu ya kura zote, na asilimia 25 kwa kaunti 24, hakuna Ikulu raundi ya kwanza. Akianza ukabila lipa chai ujiendee.