SOMO: Intaneti inasuasua milimani? Jua kwanza inakwamia wapi kabla hujanunua rauta nyingine

Habari za saa hizi wakuu. Hili somo nimeliahidi siku nyingi kwa watu wa Lushoto, Bumbuli, Mlalo na huko kote Usambara, ila hata aliye Uluguru au Rungwe litamfaa maana mlima ni mlima.

Mimi niko upande wa Lukozi, nina stesheneri, na kazi zangu nyingi ni za mtandaoni, maombi ya mkopo HESLB, ajira, kutoa kontroli namba, matokeo ya NECTA. Msimu wa mikopo mtoto wa watu anaweza kukaa kwangu toka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni ukurasa unazunguka tu, mwisho anapanda gari mpaka Mombo, nauli kwenda na kurudi, na hela yenyewe kaazima. Iliniuma sana hiyo. Nikanunua rauta, nikanunua nyingine, nikabadilisha laini, hakuna kitu. Baadaye ndo nikagundua rauta zilikuwa nzima, nilikuwa natibu goti wakati kinachouma ni bega.

Shika hili kwanza halafu mengine yatafuata yenyewe. Intaneti inakwama sehemu tatu: ndani ya nyumba yako, njiani kati yako na mnara, au kwenye mnara wenyewe na huko nyuma yake. Kila sehemu ina dawa yake.

HATUA YA 1: Pima na uandike

Chukua daftari. Pima kwa Speedtest au fast.com mara tatu kwa siku, alfajiri saa 11, mchana saa 7, usiku saa 2, siku tano mfululizo, sehemu ileile, simu ileile. Andika spidi ya kushusha, ya kupandisha na ping (muda data inaotumia kwenda na kurudi). Watu wengi wanaruka hii hatua wanaona ni ya kitoto, ila bila daftari utabaki kubahatisha tu. Na usichanganye Mbps (megabiti kwa sekunde) na MB (megabaiti), Mbps 8 ni sawa na MB 1 kwa sekunde, kwa hiyo ukiona faili linashuka kwa MB 1 usilalamike kwamba umeuziwa Mbps 8 za uongo.

Kusoma daftari ni hivi. Kama alfajiri inapaa na usiku inakufa, mnara umejaa watu. Kama ni mbovu saa zote, hapo ni njia au ni nyumba. Yangu ilikuwa Mbps 3 alfajiri na 0.8 usiku, yani mbovu saa zote ila usiku ndo balaa, maana yake nilikuwa na matatizo mawili kwa pamoja. Na kama siku moja kila mtu analia mpaka wa Dar, ujue tatizo liko mbali kabisa, mnakumbuka Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika nchi nzima ikawa inatambaa, siku kama hiyo usiguse rauta yako.

HATUA YA 2: Safisha nyumba

Hii ni fupi. Zima apdeti za apu, zima picha kujipandisha zenyewe, WhatsApp iambie isishushe video bila ruhusa. Kama bando lako ni la anlimiti angalia kama hujafika kikomo, nyingi zikifika kikomo zinashushwa spidi kimyakimya. Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya upime tena, ukiona kwa waya inakimbia na kwa waifai haikimbii basi shida ni waifai yako, isogeze au ibadilishe chaneli, somo lako limeishia hapa.

HATUA YA 3: Achana na vile vistari vya netiweki

Vistari vinne juu ya simu vinadanganya, kila kampuni ya simu inavichora inavyotaka. Namba za kweli ni mbili. Kwenye Android nyingi bonyeza *#*#4636#*#* au weka apu ya kupima minara, kwenye rauta ingia kwenye ukurasa wake, mara nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.0.1. Tafuta RSRP na SINR.

RSRP ni nguvu ya mawimbi, inaandikwa na alama ya kutoa. -80 ni nzuri sana, -95 unafanya kazi, -110 kwenda chini unateseka. SINR ni usafi, mawimbi yako ukilinganisha na kelele za minara mingine, 20 ni safi, 10 si mbaya, ikiwa sifuri au chini ya sifuri hata ukiwa na nguvu nyingi spidi haiji. Ni kama mtu anaongea na wewe mnadani Lukozi siku ya soko, anaweza kupaza sauti na bado usimwelewe.

HATUA YA 4: Mfuate mnara kwa miguu

Hapa ndipo palipo na dawa kubwa ya watu wa milimani. Mawimbi ya 4G yanapenda kuonana uso kwa uso na mnara, yanapinda kidogo lakini hayapiti ndani ya mlima. Nyumba ikiwa bondeni, au imeegemea ubavu wa kilima upande usio na mnara, unachopata ni masazo yaliyogonga kilima cha pili ndo yakakurudia. Ongeza na miti. Sisi tunaopakana na misitu ya Shume na Magamba tunajua, misunobari na mikaratusi ikilowa mvua inakula mawimbi vibaya mno. Na nyumba yenyewe ina bati juu, wengine na madirisha ya chuma, rauta umeiweka sebuleni chini pembeni ya televisheni. Inakuonaje?

Fungua ule ukurasa wa namba kwenye simu halafu tembea. Zunguka nyumba, panda juu ya shamba, simama kila hatua kumi usubiri nusu dakika maana namba zinachelewa kubadilika, andika. Mimi nilipanda mgongo wa shamba nyuma ya nyumba, kama hatua arobaini tu, namba ikatoka -113 ikaja -91. Hatua arobaini! Miaka miwili nilikuwa nanunua vifaa wakati dawa iko nyuma ya migomba.

Ukipata sehemu nzuri angalia mnara uko upande gani, minara mingi inaonekana kwa macho hasa usiku kwa taa nyekundu, usipouona tumia apu ya CellMapper inakuonyesha kwa kukadiria.

HATUA YA 5: Ipandishe rauta, au antena

Una njia mbili. Ya kwanza antena ya nje kwa rauta zenye matundu ya antena. Antena ziwe mbili, kwa sababu 4G inatumia mikondo miwili kwa wakati mmoja, ukifunga moja unapoteza karibu nusu ya faida, na zifungwe moja imelala nyuzi 45 kushoto nyingine 45 kulia. Zielekeze kwa mnara, mtu mmoja juu anazungusha taratibu na mwingine chini anasoma namba. Ila jihadhari na waya. Waya mwembamba wa RG58 mita 10 unaweza kula desibeli 7 au 8 kwenye masafa ya megahezi 1800, na kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu, kwa hiyo unaweza kununua antena ya bei na faida yote ikaishia kwenye waya.

Njia ya pili ndo niliyoichagua na ndo ninayoipendekeza, rauta ya nje yenye antena ndani yake, inafungwa juu ya mrunda, inashushiwa waya wa LAN unaobeba umeme na data kwa pamoja. Waya wa LAN unaenda mpaka mita 100 bila kupoteza spidi. Mrunda wa mkaratusi uliokauka, mita sita, chimbia vizuri maana upepo wa huku si wa mchezo. Na radi, tafadhali sana, mlingoti juu ya kilima ni mwaliko wa radi, funga waya wa ethi mpaka chini kwenye fimbo ya shaba, na mawingu yakianza kunguruma chomoa. Usipande kwenye bati lenye utelezi peke yako, hakuna bando lenye thamani ya mgongo wako.

HATUA YA 6: Jaribu bendi mojamoja

Mnara mmoja unaweza kurusha 4G kwenye masafa tofauti, ndo hizo bendi. Ya chini kama 700 na 800 yanafika mbali na yanapenya majani, ila kila mtu wa mbali anaangukia huko kwa hiyo yanajaa. Ya 1800 na kuendelea hayapendi vizuizi ila mara nyingi yana nafasi zaidi. Rauta nyingi za siku hizi zinaruhusu kuchagua bendi. Ukishapanda juu na kuuona mnara jaribu ile ya juu, pima, linganisha na daftari. Kwangu kuhama bendi usiku kulinitoa Mbps 2 mpaka 6.

HATUA YA 7: Mnara wenyewe ukiwa ndo mgonjwa

Kama RSRP na SINR yako ni nzuri na usiku bado inakufa, umemaliza upande wako. Minara mingi ya milimani haijafikiwa na faiba, inarushiana data mlima kwa mlima kwa yale madishi ya duara, mnara wenu unapokea kutoka mnara mwingine ambao nao unapokea kutoka kwa mwingine, kwa hiyo kata nzima inaweza kuwa inagawana bomba moja. Hapo antena haisaidii, linalosaidia ni kudai.

Dai kwa namba, usiseme "mtandao mbovu". Piga kwa mtoa huduma, wape eneo, tarehe, saa, spidi, RSRP, namba ya mnara ambayo ile apu inaionyesha, na uchukue namba ya lalamiko. Wakikaa kimya peleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ukiwa na ile namba. Sisi tulikusanyana watu kumi na saba, wauza mboga, walimu, bodaboda, madaftari yetu yakapelekwa pamoja kupitia ofisi ya kata, na safari hii mafundi walikuja kweli. Pia kuna UCSAF, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kazi yake ni kutoa ruzuku ili kampuni zijenge sehemu ambazo kibiashara hazivutii. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwenye kata 713 nchi nzima, pamoja na kuongezea nguvu minara iliyokuwa ya 2G. Muulize diwani wako kama kata yenu imo, na kama imo mnara umefikia wapi. Ni haki yenu kuuliza.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mtae: Mkuu mimi niko ukingoni kabisa, naona mpaka tambarare za Mkomazi, netiweki inajaa ful lakini video haiendi. Inakuwaje?

Jibu: Wewe una tatizo la kuona sana. Ukiwa ukingoni simu inaona minara mingi ya kule chini kwa wakati mmoja, yote inakupigia kelele, angalia SINR yako nina uhakika iko chini. Usipande juu zaidi. Shuka nyuma ya nyumba upande wa mlimani ili nyumba au jabali likukinge na tambarare, elekeza antena kwa mnara mmoja tu wa huku juu. Watu wa Irente nao wana shida hiyohiyo.

Dada wa Soni: Ukungu ukishuka netiweki inapotea, kuna dawa?

Jibu: Dada, ukungu wenyewe hauna nguvu hiyo kwenye masafa ya simu. Ila mara nyingi unakuja na mvua, na mvua kubwa inasumbua yale madishi ya mnara kwa mnara, tena umeme nao unakatika mnara unabaki kwa betri. Siku netiweki ikipotea angalia kwanza kama umeme upo.

Mdau: Kuna busta nimeiona Kariakoo, naambiwa inavuta netiweki kijiji kizima, ninunue?

Jibu: Hapana kaka. Vifaa vya namna hiyo vinatakiwa viwe vimethibitishwa na TCRA, na zile za kichochoroni zinarusha kelele mpaka mnara unachanganyikiwa, unapata wewe wanakosa majirani. Antena inasikiliza vizuri tu, haimwibii mtu.

Mdau: Na Starlink? Kenya wanayo toka Julai 2023.

Jibu: Kwa milima satelaiti inafaa sana maana inatazama juu, haijali bonde. Ila kampuni lazima iwe na leseni ya nchi hii, kwa hiyo usivushe dishi mpakani kwa siri ukaja kunyang'anywa na hela imeenda. Thibitisha TCRA kwanza.

Mwalimu wa sekondari, Mlalo: Tuna kompyuta ishirini na laini moja, wanafunzi wakiingia wote hakuna anayefungua kitu.

Jibu: Shikamoo mwalimu. Usigawe laini, gawa kazi. Weka Kolibri, programu ya masomo, kwenye kompyuta moja, ni ya bure, shusha masomo alfajiri mnara ukiwa mweupe, mchana wanafunzi wanasoma kutoka kwenye hiyo kompyuta kwa waifai ya ndani bila kutumia bando hata kidogo. Laini ibaki kwa ofisi na mambo ya NECTA.

Mdau wa Lushoto mjini: Faiba je?

Jibu: Ukiwa mjini ulizia TTCL ile Faiba Mlangoni Kwako kama imefika mtaa wenu, ikiwepo usihangaike na milingoti. Nendeni wengi kwa pamoja, mtaa wenye maombi kumi unasikilizwa kuliko mtu mmoja.

Mdau: Kubadilisha DNS (ile inayotafuta anwani za tovuti) kuweka 1.1.1.1 kunaongeza spidi?

Jibu: Kurasa zinaweza kuanza kufunguka haraka kidogo. Spidi ya kushusha haibadiliki.

Mdau wa Rangwi: Nimefanya hatua ya 4 leo, nimetoka -112 nimepata -97 juu ya banda la ng'ombe, nifunge hapo?

Jibu: Safi sana. Kabla hujachimba nenda tena saa mbili usiku, pima palepale bandani, nitumie na SINR, halafu ndo tuchague bendi.