Jinsi ya Kusoma Takwimu za Wanawake Wanaopata Watoto

Ukikutana na habari inayosema kwamba sehemu ya wanawake wanaopata watoto inazidi kupungua, anza kwa kuangalia ni kipimo gani kilichotumika, kwa sababu waandishi wengi huchanganya vipimo viwili ambavyo huweza hata kupingana.

Kinachotajwa zaidi ni kiwango cha uzazi, yaani wastani wa watoto ambao mwanamke angezaa maishani mwake endapo mwenendo wa uzazi wa mwaka husika ungebaki vilevile. Wastani huo hauonyeshi ni wangapi waliozaa. Chukua wanawake 10 wenye jumla ya watoto 20: huenda kila mmoja ana wawili, na huenda wanane ndio waliowazaa wote, huku wawili wakiwa hawana hata mmoja.

Kwa hiyo tafuta takwimu za wanawake wa miaka 40 hadi 44, ambao wengi wao wameshamaliza kuzaa, uone ni asilimia ngapi waliowahi kujifungua. Marekani inafaa kujifunzia, kwani Ofisi yake ya Sensa imekuwa ikiwauliza wanawake swali hilo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1976 waliozaa walikuwa takriban asilimia 90 ya wanawake wa umri huo; mwaka 2006 walikuwa 80; mwaka 2016 wakafika 86. Katika kipindi hichohicho cha 2006 hadi 2016, kiwango cha uzazi kilishuka kutoka watoto 2.1 hadi 1.8, na aliyekitazama hicho peke yake angetangaza kwamba akina mama wanapungua.

Tofauti hiyo inatokana kwa kiasi kikubwa na kuchelewa kuzaa. Wastani wa umri wa kupata mtoto wa kwanza nchini humo ulikuwa miaka 21.4 mwaka 1970, na mwaka 2014 ulifika 26.3. Anayeahirisha hupunguza hesabu ya mwaka huu, ingawa huenda akajifungua akiwa na miaka 36. Usimhesabu, basi, mwanamke wa miaka 28 kuwa hatazaa. Wala usidhani kwamba takwimu za wenye miaka 44 zinatabiri maisha ya wasichana wa leo.

Mwisho, usibandike sababu ambayo takwimu hazikuitaja. Asilimia ya wasio na watoto inawajumlisha wasiotaka, waliotaka wakakosa mwenza, na waliohangaika hospitalini kwa miaka bila kushika mimba, na kuwaita wote hao wanawake waliokataa kuzaa ni kuwadhulumu.